Shemeji Niliyemzika Kwenye Kompyuta

Sehemu ya Nne

Aliyekosa gazeti la wiki jana nampa kwa kijiko kimoja, halafu twende, maana leo sina raha ya kurembesha.

Mimi ni Eliezeri, mstaafu wa pampu za maji, mkazi wa Same mjini. Kampuni ya mabasi ya Kivumo ilileta kadi za wateja waaminifu. Kila safari unapata pointi, na kila kundi la wateja lina zawadi yake. Wenye tangawizi ya Mamba, kule mlimani, hubebewa gunia moja bure kila baada ya safari kumi. Wanafunzi hupewa bando la simu. Wagonjwa hupewa kiti cha mbele, bure, kila siku ya kliniki. Sisi wazee tukapewa kikombe cha chai na ujumbe wa heri ya siku ya kuzaliwa, kana kwamba mzee anahitaji kukumbushwa kuwa anazeeka.

Kundi lililonona kuliko yote lilikuwa la wafiwa.

Kampuni ilikuwa imetuchunguza ikatujua. Mpare akifia Dar, akifia Arusha, akifia hata mwezini, atarudishwa mlimani azikwe kwao. Na aliyemrudisha atapanda mlima tena na tena: mara matanga, mara kaburi linajengewa, mara ukoo unakaa kikao. Mtu kama huyo ukimpendezesha, anakuletea na wenzake. Kwa hiyo mfiwa alipewa pointi mara mbili, na safari ya bure kila wiki kwa mwaka mzima.

Nami nilizitaka safari hizo. Si kwamba nina pa kwenda. Nyumbani hadithi zangu zimekosa wasikilizaji, mke wangu Devotha akinisikia nimekohoa tu anatoka nje kuanua nguo. Lakini basi la Kivumo lina abiria hamsini na tisa ambao hawajawahi kusikia jinsi nilivyomfunga tembo wa Mkomazi kwa mpira wa pampu, nikamvuta mpaka ofisini kwa bwana wanyamapori, naye tembo analia kama mtoto.

Basi nikaenda stendi kwa binti Tumainieli, wakala wao, nikamwambia nimefiwa.

"Pole babu. Marehemu ni nani?"

Nikataja jina la kwanza lililonijia. Yonathani. Kaka wa mke wangu, wa kule Mamba. Akaniomba na namba ya simu ya marehemu, nikamtajia bila kusita, kwa sababu ndiyo namba pekee ninayoijua kwa kichwa.

Msinihukumu haraka. Mimi na Yonathani ni mashemeji, na utani wetu hauna breki. Yeye ameshanizika mara tatu. Mwaka juzi alinitumia jembe jipya kwa mtu wa tangawizi, na karatasi juu yake: "Shemeji, anza kuchimba mwenyewe, sisi tuna kazi." Nikaona zamu yangu imefika. Kosa langu ni moja tu. Nilimtania mtu mbele ya kompyuta, na kompyuta haina shemeji.

Miezi miwili nilipanda bure, kila Jumanne, Same mpaka Gonja, chini ya mlima, na kurudi. Mamba sikuthubutu kupanda. Wiki jana niliwaacha pale simu ilipolia na kijana mmoja, Anderson, afisa wa wateja waaminifu kutoka makao makuu, akanipongeza. Nimefika daraja la juu kabisa la wafiwa. Alhamisi atafuatana nami mpaka Mamba, nyumbani kwa marehemu, kumkabidhi mjane mkono wa pole.

Haya. Alhamisi ikafika.

*

Nilitaka kujifanya mgonjwa. Nikalala nimejifunika blanketi, joto la Same likanichemsha mwenyewe kama makande. Saa mbili asubuhi gari dogo la kampuni likapiga honi mlangoni. Walikuja kunichukua.

Stendi, Anderson alinisubiri na suti ya bluu, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Pole sana na msiba."

"Tumeshapoa," nikasema.

Akanikalisha kiti namba moja. Yeye akakaa namba mbili. Mbele ya miguu yetu walipakia gunia la mchele wa Ndungu, turubai jipya, na shada la maua ya plastiki kubwa kama tairi la trekta. Kwenye shada palikuwa na utepe wa zambarau, na juu yake maandishi ya dhahabu: *Yonathani, Mteja Wetu, Daima Tutakukumbuka.*

Nikausoma mara ya pili.

"Mwanangu, mteja ni mimi. Hapo mmeandika mteja ni yeye."

"Wote wawili, mzee. Marehemu naye alikuwa na kadi yetu. Hukujua? Kundi la wagonjwa. Alikuwa anakwenda kliniki Gonja na sisi."

Sikujua. Nilijua moyo wa Yonathani umetanuka, na daktari amekataza kumshtua. Sikujua anakwendaje kliniki. Mtu unamtania miaka arobaini, humuulizi anapandaje gari.

Basi likaondoka.

Nikaanza kuona picha. Yonathani amekaa kibarazani anamenya ndizi. Basi linasimama. Kijana wa suti anashuka na shada lenye jina lake. Moyo ule ule uliokatazwa kushtuliwa.

Nikajiambia: Eliezeri, gari hili lisifike Mamba. Maisha yako yote umedanganya kwa starehe. Leo danganya kwa faida.

"Mwanangu Anderson," nikasema, "nimesahau kukwambia. Barabara ya Mamba imekatika. Mlima umeshuka, umefukia daraja. Nasikia hata mbuzi wanavushwa kwa kamba."

Anderson akanyoosha shingo kwa dereva. "Abubakari! Mamba kunapitika?"

"Jana nimeshuka kutoka huko, bosi. Kweupe."

"Umesikia mzee? Wamekutisha bure."

Nikatafuta nyingine.

"Tatizo jingine ni mila. Kwetu mjane hapokei zawadi mpaka ipite miezi sita. Akipokea, tangawizi ya kijiji kizima inaoza ardhini."

Kutoka kiti cha nyuma likatokea kichwa cha mwanamke, kilemba cha njano. Alikuwa Mwanahalima, mfanyabiashara wa tangawizi, mwenyeji wa huko huko.

"Mila ya wapi hiyo, babu? Mama yangu alipofiwa alipokea mpaka jogoo wa jirani, na jirani mwenyewe hakuwa amemtoa."

Basi zima likacheka.

Anderson akaniinamia kwa sauti ya chini, kama anayeniambia siri ya familia.

"Mzee, nakuelewa. Hutaki makuu. Lakini hii si hisani tu. Kila kundi tunalipa kile kinachogusa moyo wake. Mwenye mzigo mpe nafasi ya mzigo. Mwanafunzi mpe bando. Mfiwa mpe heshima. Leo tukifika kwa mjane na hili shada, nikarekodi video, ukoo wote utapanda Kivumo mpaka kiama."

"Mpaka kiama," nikarudia. Neno lile halikunikaa vizuri.

"Ila umenikumbusha kitu," akasema. "Tungempigia mjane kwanza, tusimvamie. Namba yake sina. Nina ya marehemu. Labda simu kabaki nayo yeye."

"Usipige!"

"Kwa nini?"

"Chaji," nikasema. "Huwa haina chaji."

Alikuwa ameshabonyeza, na sauti akaitoa nje. Simu ikaita. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Nikaanza kuomba, nami sijaomba kwa dhati tangu mtambo wa Kisiwani uliponiungulia mikononi.

"Haloo."

Nilitaka kiti kinimeze. Ilikuwa sauti ya Yonathani, lakini imekatikakatika, kama ya mtu aliyebeba gunia.

"Haloo, shikamoo," Anderson akasema. "Naongea na nyumbani kwa marehemu Yonathani?"

Upepo. Mahali fulani mbuzi akalia.

"Wewe ni nani?" sauti ikauliza.

"Napiga kutoka Kivumo, kitengo cha wateja waa..."

"Ninyi tena!" Akavuta pumzi, nikaisikia ikikwama njiani. "Mmeshanishusha. Mmeshaniaibisha. Basi niacheni nitembee."

Ikakatika.

Anderson akaitazama simu. Halafu akanitazama mimi, na uso wake wa pole ulikuwa umeondoka.

"Ndiye," akasema.

"Nani?"

"Mwizi."

Akamwita kondakta. "Hamidu, mweleze mzee habari ya Alhamisi iliyopita."

Hamidu akaja akishikilia bomba la juu, amefurahi kama aliyeombwa kuimba.

"Babu, Alhamisi iliyopita tuko Mamba, asubuhi, anapanda mzee mmoja kavaa suti. Anatoa kadi, anadai kiti cha wagonjwa. Nagusisha kadi kwenye mashine, mashine inapiga kelele: mwenye kadi amefariki. Namwambia mzee, hii kadi ya marehemu umeipata wapi? Ananiambia, marehemu ndiye mimi! Nikamwambia, mzee, maiti hawasafiri na Kivumo wamekaa, wanasafiri wamelala. Nikamshusha. Watu walicheka mpaka Gonja."

Basi likacheka tena.

Nami nikacheka. Mhariri, usilikate hilo. Nilicheka.

"Na simu ya marehemu kumbe anayo yeye," Anderson akasema. "Kadi anayo, simu anayo. Mzee Eliezeri, pole sana, msiba wako umeingiliwa na jambazi. Tukimpata ni polisi moja kwa moja. Yeye na kila aliyeshirikiana naye. Mambo ya marehemu hatuchezi nayo. Mwaka jana kuna mtu alisajili mtu aliye hai kuwa amekufa, apate pointi. Unajua yuko wapi sasa?"

"Wapi?"

"Ndani."

*

Tulikuwa tumeipita Kisiwani, tambarare ya Mkomazi kushoto, milima kulia, pale simu yangu ilipolia. Devotha.

"Baba Zephania, uko wapi?"

Zephania ni kifungua mimba wetu. Mke wangu akiniita hivyo kwa sauti ile, kuna jambo.

"Niko foleni ya maji."

"Foleni ya maji inanguruma hivyo? Sikiliza. Wifi Dorkas amenipigia kutoka Mamba, analia. Kaka hayupo."

"Kaka yupi?"

"Nina kaka wangapi? Yonathani! Alhamisi iliyopita alirudi nyumbani akamwambia mkewe kliniki yake ya kila miezi mitatu imeahirishwa. Kumbe uongo. Leo ndiyo wenye tangawizi wamemwambia Dorkas. Kaka alishushwa kwenye gari mbele ya watu, wakamwita mwizi wa kadi ya maiti. Mzee wa kanisa, Baba Zephania! Anayepitisha sahani ya sadaka!"

Nikaibana simu sikioni, Anderson asisikie.

"Dawa zake zimekwisha tangu Jumamosi. Miguu imevimba. Alfajiri ameamka, amevaa suti, ameshika njia ya miguu ya kuteremkia tambarare, eti anakwenda Gonja. Majirani wamempeleka kijana wa bodaboda kumfuata, amemfukuza. Ameapa hapandi chombo chochote mpaka atokee mtu wa kuwaambia wale watu yeye ni nani. Unamjua kaka. Akiapa ameapa."

"Namjua," nikasema.

"Nani angemfanyia hivyo? Nani ana roho ya kumwandikisha mtu kifo?"

"Devotha, mtandao..."

"Ukimaliza foleni njoo. Naogopa."

Akakata simu.

Sikilizeni, wasomaji. Mnanijua. Nimewaambia humu kwamba nimekwisha kulala ndani ya tangi la maji siku tatu nikatoka na samaki mfukoni, kwamba chatu wa Ndungu alinipisha njia. Mengine mnayachuja wenyewe. Lakini hofu ya pale kiti namba moja msiichuje hata kidogo. Nilikuwa sijamtania Yonathani. Nilikuwa nimempokonya kiti. Kompyuta ilipomwandika kwenye marehemu wangu, ilimfuta kwenye wagonjwa wao. Zawadi yangu ilikatwa kwenye mwili wake.

"Habari mbaya, mzee?" Anderson akauliza.

Mlango huo hapo, Eliezeri. Sema sasa, uko na mtu mmoja tu.

"Watoto," nikasema. "Watoto na ada."

*

Aliyemwona kwanza ni Abubakari, dereva.

"Kuna Mmasai katikati ya barabara," akasema, akakanyaga breki.

Mbele yetu palikuwa na kundi la ng'ombe likivuka, na katikati ya lami kijana wa shuka jekundu amenyanyua fimbo juu. Mkono mwingine ameshika baiskeli. Nyuma ya baiskeli, kwenye kikalio cha mizigo, amekaa mzee wa suti nyeusi, kichwa kimeanguka kifuani.

Hamidu akafungua mlango.

"Wewe Loserian, utagongwa siku moja!" Kumbe walijuana.

"Gonga kesho," Loserian akasema. "Leo chukua huyu mzee. Nimemkuta amekaa chini, ng'ombe wangu wanamzunguka, hasemi. Nimempa maziwa, sasa anasema. Mpeleke Gonja hospitali. Haraka."

Yule mzee akanyanyua kichwa.

Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Viatu ameviweka mabegani, kamba zimefungwa pamoja, maana miguu haikuingia tena humo. Lakini tai ilikuwa imenyooka.

Hamidu akaruka nyuma. "Bosi! Ndiye huyu!"

Anderson akasimama mlangoni, kishikwambi juu, anarekodi.

"Mzee, jina lako nani?"

"Yonathani."

"Yonathani amefariki."

"Ndivyo ninavyoambiwa," Yonathani akasema. Akapumzika kwanza kabla ya kuendelea. "Na mnieleze basi nilizikwa wapi, niende nikapaone."

Mwanahalima akacheka nyuma yangu, halafu akajishika mdomo.

"Panda mzee, jamani," Loserian akasema.

"Sipandi, mwanangu. Sikuomba gari. Umesimamisha wewe."

"Hapandi huyu!" Hamidu akasema. "Huyu anangojwa na polisi!"

Hapo ndipo Yonathani alipotazama ndani, akaniona.

Sijawahi kuona uso unafunguka namna ile. Kama mlango wa nyumba ya mtu anayekungoja. Mashavu yale ya majivu yakapanda juu, na kicheko chake cha zamani kikaja, kidogo, kilichokosa pumzi.

"Ah! Mungu si Athumani," akasema. "Si huyo hapo! Shemeji yangu huyo. Muulizeni yeye." Akaninyooshea mkono. "Shemeji, waambie mimi ni nani. Nimechoka. Nipande."

Watu wote wakanigeukia. Anderson akageuka na kishikwambi chake, nikajiona humo kwenye kioo, mzee mdogo kwenye kiti kikubwa.

"Mzee Eliezeri," akasema, "wewe ndiye mfiwa. Wewe ndiye uliyetupa jina na namba. Huyu mtu unamfahamu?"

Nikamwona binti Tumainieli ananiuliza marehemu ni nani. Nikamwona yule mtu wa mwaka jana, ambaye simjui, amekaa ndani. Nikaona kanisa letu Jumapili, vichwa vinapinda kimoja kimoja. Nikafungua mdomo, nikijua kabisa kitakachotoka, na kikatoka kingine.

"Simfahamu," nikasema.

Yonathani hakushtuka. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Alingoja. Miaka arobaini, kila nilipomfanyia jambo kama lile, baada yake kilifuata kicheko. Alibaki amenikazia macho, tabasamu liko tayari, ananingoja nicheke ili naye acheke.

Sikucheka.

Tabasamu likakaa peke yake, likachoka, likaondoka.

"Basi," akasema polepole. "Kumbe ni kweli."

Akamgeukia Loserian. "Twende, mwanangu. Hawa wana safari yao."

"Namba za polisi wa Gonja ninazo," Anderson akasema. "Tukifika tutawatuma. Hatafika mbali kwa miguu ile. Abubakari, twende."

Mlango ukafungwa. Gari likaondoka. Loserian alipiga ubavu wa basi kwa fimbo, mara mbili, akitukana kwa Kimasai.

"Mzee yule anaumwa, jamani," Mwanahalima akasema. "Mwizi au si mwizi. Mtu anaachwaje vile?"

Anderson alikuwa anaandika taarifa.

Mimi niligeuka nyuma. Sikutaka kugeuka, shingo iligeuka yenyewe. Nikamwona kupitia kioo cha nyuma, kati ya vichwa vya watu, anazidi kuwa mdogo. Alishuka kwenye baiskeli akasimama kwa miguu yake. Akapiga hatua mbili kuelekea Gonja, nyuma ya gari letu, kama mtu aliyekumbuka jambo la kutuambia.

Halafu akaenda chini. Hakukaa wala hakupiga magoti. Alikwenda kama turubai lililokatwa kamba.

Baiskeli ikaanguka. Shuka jekundu likaruka juu yake.

"Simamisha!" nikasema.

"Kaa mzee," Hamidu akasema.

"Simamisha gari!"

Nikasimama. Gari linayumba, nikalivaa lile shada, nikalikanyaga, nikalipita. Nikaanza kupiga mlango kwa viganja. Nina miaka sabini na moja, na mlango wa basi ni chuma, lakini niliupiga mpaka watoto kwenye viti vya kati wakaanza kulia.

Abubakari akapunguza mwendo. Hamidu akaniwekea mkono kifuani, si kwa ubaya, kama mtu anayemzuia mlevi.

"Babu, tulia. Ushuke hapa porini uende wapi?"

"Kwa yule."

"Yule yupi? Yule mwizi? Si umesema humfahamu?"

Sikuweza kumtazama. Nilitazama mlango.

Anderson alikuwa ameshasimama nyuma yake. Taa nyekundu ya kishikwambi ilikuwa bado inawaka.

"Mzee Eliezeri," akasema taratibu, "kwa yule mtu wewe ni nani?"

Gari lilikuwa karibu kusimama. Nyuma kule nilimsikia Loserian akiita, sauti yake nyembamba, hana wa kumwitikia ila ng'ombe.

"Mimi ndiye niliyemuua," nikasema. "Fungua mlango."